Dawa za miti kwa maradhi ya tumbo: Tutajuaje kama ni salama, na kama zinatibu?

Katika safu yetu ya afya na usafi leo, inshaallah, tutazungumzia jambo linaloigusa karibu kila nyumba hapa Morogoro, nalo ni matumizi ya majani, mizizi na magome kwa maradhi ya tumbo.

Mjini hukosi muuzaji mwenye vifurushi vya magome na chupa za unga. Ukipanda milima ya Uluguru, kule Kinole, Matombo, Tawa au Mgeta, huna haja hata ya kununua, dawa iko nyuma ya nyumba. Mtoto akiharisha, huchumwa majani machanga ya mpera. Mtu akifunga choo, hukatwa jani la mshubiri. Tumbo likijaa gesi, hupondwa tangawizi na kuchemshwa na mdalasini. Kwa minyoo hutafunwa mbegu za papai. Mwarobaini nao hupewa kila kazi, kama jina lake linavyodai. Na katika nyumba zetu za Kiislamu huongezwa habasoda, sanamaki na asali.

Naandika haya nikiwa tabibu, lakini pia nikiwa mtu aliyelelewa kwa dawa hizo hizo kabla hajaona chumba cha sindano. Kwa hiyo makala hii haikusudii kuzidharau. Wala haikusudii kuzisifu. Inakusudia kuuliza: tutajuaje? Dawa yoyote, iwe ya kidonge au ya mzizi, ina maswali mawili ambayo lazima yajibiwe. La kwanza: je, inadhuru? La pili: je, inatibu? Maswali haya ni mawili kweli kweli, na jibu la moja si jibu la jingine. Maji ya kunywa hayadhuru, lakini hayaui minyoo. Mafuta ya taa yanaua wadudu, lakini hakuna mzazi mwenye akili timamu atakayempa mwanawe.

"NILIKUNYWA NIKAPONA" HAKUTOSHI

Ushahidi unaotolewa mara nyingi ni huu: fulani aliumwa tumbo, akanywa dawa fulani, akapona. Huenda fulani anasema kweli tupu. Hata hivyo, maneno yake hayatoshi kuthibitisha dawa, kwa sababu nne.

Kwanza, maradhi mengi ya tumbo huondoka yenyewe kwa idhini ya Allah. Kuharisha kwa kawaida kwa mtoto, hasa kunakoletwa na virusi, humalizika ndani ya siku chache. Ikiwa mama ameanza dawa siku ya tatu, na kuhara kumekoma siku ya tano, sifa yote itakwenda kwa dawa, hata kama mtoto angepona bila ya kunywa chochote ila maji na maziwa.

Pili, yako maradhi yanayokuja na kupoa. Vidonda vya tumbo ni mfano mzuri. Mgonjwa huungua wiki kadhaa, kisha maumivu hupoa, kisha hurudi. Watu huenda kwa mganga pale maumivu yanapokuwa makali kabisa, na baada ya hapo mara nyingi yangepungua tu. Mnamo 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walimgundua bakteria anayesababisha vidonda vingi vya tumbo, na mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Maumivu yakipoa, bakteria huyo huenda yungali ndani akiendelea na kazi yake.

Tatu, mtu anapokunywa dawa ya mti hubadilisha na mambo mengine. Huacha pilipili, hupumzika, hunywa maji mengi, na wengine humeza na vidonge vya dukani pembeni. Kilichoponya ni kipi?

Nne, na hili ni zito, aliyepona hurudi kusifu, lakini aliyezidiwa hupelekwa hospitali, na aliyefariki harudi kutoa ushuhuda.

WANAZUONI WETU WALILIONA HILI

Asije mtu akadhani kupima dawa ni desturi ya wageni. Abu Bakr al-Razi, tabibu mkubwa aliyefariki mnamo 925, ameeleza jinsi alivyowatibu kwa kuwaumika baadhi ya wagonjwa walioonyesha dalili za sirsamu, maradhi ya utando wa ubongo, na akawaacha wengine makusudi bila ya kuwaumika, ili aone tofauti baina yao. Huo ndio msingi wa utafiti wa leo: usimtazame aliyekunywa dawa peke yake, mtazame pamoja na asiyekunywa.

Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliweka katika kitabu chake al-Qanun fi al-Tibb masharti saba ya kuijaribu dawa. Miongoni mwake ni kwamba dawa iwe katika hali yake yenyewe, isiwe imebadilishwa na kitu kingine. Mgonjwa awe na maradhi mamoja, asiwe na mchanganyiko wa maradhi. Utazamwe muda ambao dawa inaanza kufanya kazi. Matokeo yaonekane daima au mara nyingi, kwani kinachotokea mara moja moja huenda kikawa ni sadfa. Na majaribio yafanywe kwa mwili wa mwanadamu, kwa kuwa kinachomfaa mnyama si lazima kimfae mtu.

Ama katika sheria yetu, mambo mawili yatosha kutajwa. Katika miji ya Kiislamu ya zamani, muhtasibu alikuwa na wajibu wa kuwakagua wauza dawa ili wasighushi. Na imepokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w.), katika Sunan ya Abu Dawud na wengineo, kuwa anayejitia kutibu hali hajulikani kwa utabibu, dhamana ya madhara ni juu yake. Kwa hiyo kumpa jirani mzizi usioujua kwa maradhi usiyoyajua si ukarimu mtupu, ni jambo lenye hesabu.

DAWA YA MTI INAPIMWAJE?

Hapa Tanzania kazi hii ina wenyewe. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na tangu 1991 ni Taasisi ya Tiba Asili, ambayo leo iko chini ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Iko pia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yenye kituo cha tiba asili Mabibo, Dar es Salaam. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Namba 23 ya mwaka 2002 ndiyo iliyoanzisha Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Hatua za upimaji, kwa ufupi, ni hizi.

Hatua ya kwanza ni kuutambua mti. Hii huonekana ndogo, kumbe ndiyo inayoangusha wengi. Jina moja la mti linaweza kuwa la miti miwili, na mti mmoja ukawa na majina matatu, la Kiluguru, la Kiswahili na la soko. Mwarobaini una mti unaofanana nao, mmelia, ambao matunda yake ni sumu kwa binadamu. Ndiyo maana mtafiti huchukua tawi lenye majani, na maua au matunda yakipatikana, akalikausha na kulihifadhi ili wajuzi wa mimea walithibitishe. Unga ulio ndani ya chupa hauna jani wala ua la kuthibitisha.

Hatua ya pili ni usafi na kipimo. Mti uliochumwa kwenye baridi ya Mgeta na uliochumwa kwenye ukame wa Ngerengere huenda ukatofautiana nguvu, ingawa ni mti ule ule. Majira, udongo, umri wa mti, sehemu iliyochukuliwa na muda wa kuchemsha, vyote hubadilisha dawa. Aidha huangaliwa kama kuna ukungu, vimelea, madini yenye sumu, au vidonge vya hospitali vilivyosagwa na kuchanganywa kwa siri.

Hatua ya tatu ni kupima sumu maabara. Muhimbili wametumia sana kipimo cha kamba wadogo wa maji ya chumvi, viumbe ambao mayai yao huanguliwa kwa siku moja mbili tu. Wanatiwa katika maji yenye dawa kwa viwango mbalimbali, na baada ya saa 24 huhesabiwa waliokufa. Ni kipimo rahisi na cha haraka, lakini ni cha kuchuja tu. Dawa isiyoua kamba haijathibitika kuwa salama kwa figo na ini la mtu. Baadaye hufuata panya, dozi kubwa mara moja na dozi ndogo kwa muda mrefu, kisha viungo vyao hupasuliwa na kuchunguzwa.

Hatua ya nne ni binadamu wenyewe, kwa ridhaa yao na kwa kibali cha kamati ya maadili. Wagonjwa hugawanywa makundi mawili kwa kura. Kundi moja hupewa dawa, jingine hupewa kitu kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa, au hupewa dawa iliyokwisha kuthibitika. Ikiwezekana, hata anayewahudumia asijue nani kapewa kipi. Mwisho huhesabiwa waliopona kila upande.

Mtu atauliza: kwa nini kundi la pili, si ni usumbufu tu? Tazama mfano huu. Katika misitu ya Amazoni, Amerika ya Kusini, uko mti wenye utomvu mwekundu kama damu, ambao wenyeji wameutumia tangu zamani kwa kuharisha. Wataalamu walitoa kutoka humo dawa iitwayo krofelema, wakaijaribu kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliokuwa wakiharisha kwa muda mrefu. Takriban watu 18 katika kila 100 walipata nafuu iliyokusudiwa. Lakini katika wale waliomeza vidonge vitupu, watu 8 katika kila 100 nao walipata nafuu! Bila ya kundi la pili, wote 18 wangehesabiwa kuwa wametibiwa na mti. Tofauti iliyobaki ilitosha, na Marekani iliikubali dawa hiyo mwishoni mwa 2012. Huo ni mti uliopita mtihani.

ZILIZOPIMWA, NA KILICHOONEKANA

Tuanze na mbegu za papai. Nchini Nigeria watafiti waliwachukua watoto 60 wenye vimelea vya tumbo. Nusu walipewa unga wa mbegu za papai zilizokaushwa, uliochanganywa na asali, na nusu wakapewa asali peke yake. Baada ya siku saba, choo kilikuwa safi kwa watoto 23 kati ya 30 wa kundi la papai, na kwa watoto 5 kati ya 30 wa kundi la asali. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2007. Ni habari njema, lakini watoto 60 ni wachache, na siku saba ni chache. Inatosha kutufanya tuendelee kupima, haitoshi kutufanya tuache dawa ya minyoo inayotolewa shuleni na zahanati.

Majani ya mpera yalijaribiwa Mexico kwa watu wazima wenye kuharisha, na matokeo kuchapishwa mwaka 2002. Vidonge vilivyotengenezwa kwa majani hayo, vyenye kipimo maalumu, vilipunguza muda wa msokoto wa tumbo. Angalia vizuri: ni watu wazima, ni kipimo kinachojulikana, na ni maumivu yaliyopungua. Mpera haurudishi maji na chumvi zilizotoka mwilini.

Asali tunaijua Waislamu, na tunaijua hadithi ya mtu aliyemjia Mtume (s.a.w.) kumlalamikia tumbo la ndugu yake, akaelekezwa asali zaidi ya mara moja. Imani yetu haingojei maabara. Lakini kujua kiasi gani, kwa nani na kwa namna gani ni kazi ya tabibu. Mwaka 1985 watafiti Haffejee na Moosa wa Durban, Afrika Kusini, walitangaza majaribio kwa watoto 169 wenye kuharisha, ambapo katika maji ya chumvi na sukari waliweka asali mahali pa sukari. Kwa kuharisha kunakotokana na bakteria, kuhara kulikoma baada ya saa 58 kwa wastani, badala ya saa 93. Kwa kuharisha kwingine hakukuwa na tofauti. Zingatia kuwa asali ilikuwa ndani ya maji ya chumvi, haikuchukua nafasi yake. Na leo inashauriwa kutompa asali mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kwani huenda ikawa na mbegu za bakteria ambazo utumbo mchanga hauwezi kuzizuia.

Sanamaki inafungua choo kweli, na imo hata katika vidonge vya hospitali. Lakini ikitumiwa kila siku kwa muda mrefu hupoteza madini ya potasiamu, ambayo moyo unayahitaji. Tangawizi imeonekana kusaidia kichefuchefu, pamoja na kile cha mama mjamzito, kwa kiasi cha kawaida cha chakula.

Mfano wa mwisho ni urukususu, mzizi mtamu wa susi. Katika miaka ya 1940 daktari wa Uholanzi aitwaye Revers aliona kuwa mzizi huo unawapa nafuu wenye vidonda vya tumbo. Aliona pia kuwa takriban mmoja katika kila watano alivimba mwili, kwa kuwa mzizi huo hubakiza chumvi na maji na hupandisha presha. Dawa moja, maswali mawili, majibu mawili. Inatibu, na inadhuru.

"YA ASILI" HAINA MAANA YA "SALAMA"

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kliniki moja ya kupunguza unene mjini Brussels, Ubelgiji, wanawake walipewa vidonge vyenye mimea ya Kichina. Mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye jina linalofanana nao. Wanawake wapatao 100 waliharibika figo, na baadhi yao baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Hawakuona dalili siku ile ya kwanza wala wiki ile ya kwanza. Ndiyo maana neno la muuzaji kuwa "watu wanakunywa na hawadhuriki" halitoshi. Sumu ya figo na ini hukaa kimya.

Hata miti yetu ina mipaka. Utomvu wa njano chini ya ganda la mshubiri ni wa kuharisha kwa nguvu, na mwaka 2002 Marekani iliondoa dawa za kufungua choo za mshubiri miongoni mwa zile zinazouzwa bila ya cheti, kwa kukosa ushahidi wa usalama. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yamewahi kuwapa watoto wachanga degedege na kuharibu ini na ubongo, kama ilivyoripotiwa Malaysia mwaka 1981. Na kwa wanyama, mwarobaini umeonekana kuathiri mimba.

Kisha kuna jambo la usafi ambalo ndilo la safu hii. Mzizi uliochimbwa shambani, ukakaushwa chini kwenye vumbi la njia, ukasagwa kwa kinu kisichooshwa, ukachanganywa na maji ya mto yasiyochemshwa, huenda ukaleta kuhara kuliko kuhara ulikopelekwa kutibu.

TULICHOJIFUNZA LOLIONDO

Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2011, pale maelfu ya watu kutoka Tanzania na nchi jirani walipofunga safari hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mzizi wa mugariga kwa shilingi 500 kwa Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu aliyefariki mwaka 2021. Wako wagonjwa waliofia kwenye foleni, na wako walioacha dawa zao za kisukari au za virusi vya UKIMWI wakiamini wamepona.

Wakati ule swali lililosikika zaidi lilikuwa: je, kikombe kina sumu? Wengi walitosheka kusikia hakidhuru. Lakini hilo lilikuwa swali la kwanza tu. Swali la pili, je, kinaponya, lingejibiwa kwa kupima damu kabla na baada, na kuwafuatilia watu kwa miezi. Na aliyeacha dawa yake hakudhuriwa na mzizi, alidhuriwa na kile alichokiacha.

HATARI KUBWA KULIKO SUMU

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo sisi wa zahanati tunaliona kila msimu wa mvua na wa maembe. Mtoto huletwa siku ya tatu au ya nne akiwa macho yamebonyea, mdomo mkavu, ukimfinya ngozi ya tumbo hairudi haraka. Mama ukimuuliza amempa nini, anataja mizizi miwili au mitatu, kijiko asubuhi na kijiko jioni. Ukimuuliza kuhusu maji, anasema alimpunguzia ili asiharishe zaidi. Mzizi ule huenda haukuwa na sumu hata chembe. Kilichomuumiza mtoto ni ukavu, na siku tatu zilizopita.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kiliingia katika kambi ya wakimbizi nchini India. Dripu zilikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwapa wagonjwa maji yenye chumvi na sukari wanywe kwa vikombe, wakihudumiwa na ndugu zao. Vifo vilivyokuwa takriban 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka hadi chini ya 4. Hakuna mzizi, wala kidonge, kilichowahi kuonyesha tofauti kama hiyo kwa kuharisha. Na sisi Morogoro si wageni wa kipindupindu, mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa iliyokumbwa na mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015.

NYUMBANI TUFANYE NINI?

1. Mtoto akianza kuharisha, anza ORS siku ile ile. Changanya pakiti kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake. Kila baada ya choo, wa chini ya miaka miwili mpe robo hadi nusu kikombe, mkubwa zaidi nusu hadi kikombe kizima, kidogo kidogo. Pakiti ikikosekana, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa.

2. Endelea kunyonyesha na kulisha. Omba zahanati vidonge vya zinki, na umpe kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma.

3. Mtoto wa chini ya miezi sita asipewe dawa ya mti yoyote, na mama mjamzito asitumie mzizi, magome wala mshubiri.

4. Dawa ya mti isikucheleweshe. Nenda kituo cha afya mara moja ikiwa mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, ana damu kwenye choo, amelegea, ana degedege, au macho yamebonyea. Mtu mzima aende akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, akiharisha maji kama yaliyooshewa mchele, akikonda bila sababu, au tumbo likiwa gumu na hapati choo wala upepo. Huyu wa mwisho asipewe kabisa dawa ya kufungua choo, kwani utumbo huenda umeziba.

5. Muulize muuzaji: mti huu unaitwaje, ni sehemu gani yake, umechumwa wapi, kipimo ni kipi, nani asiutumie, na je, wewe na dawa yako mmesajiliwa na Baraza? Akikujibu kuwa dawa moja inatibu vidonda vya tumbo, bawasiri, kisukari na presha, umekwisha kupata jibu.

6. Usifiche. Ukija kwetu, sema ulichokunywa, na ukiweza njoo na kifurushi chake. Nasi matabibu tusiwakaripie wagonjwa, maana aliyekaripiwa leo atanyamaza kesho. Hasa aseme mwenye kutumia dawa za presha, kisukari, kifafa, virusi vya UKIMWI au za kuyeyusha damu.

7. Usiache dawa ya hospitali kwa sababu umeanza ya mti.

Ama wazee wetu wa milimani wenye elimu ya miti, wao ni hazina. Elimu yao ikifa nao bila ya kuandikwa na kupimwa, tumepoteza amana. Mzee anayejua mzizi wa tumbo na akakubali mti wake upelekwe kwa watafiti, ukiwa na tawi lake na jina lake, na haki yake ikilindwa kwa maandishi, amewafaa watu wengi kuliko anayeuficha ndani ya chupa.

Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sheria yetu. Tunaponunua kitambaa tunakishika na kukinyoosha, tunaponunua embe tunalibonyeza. Kinachoingia tumboni mwa mtoto kinastahiki kuulizwa zaidi ya hapo. Kwa hiyo wiki hii, kabla ya jambo jingine lolote, hakikisha ndani ya nyumba yako kuna pakiti mbili za ORS, na kwamba kila anayelea mtoto anajua kuzichanganya.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.